Kabla ya Kupanda Mkonge, Tuulize Mashine Iko Wapi

Mkonge tunaufahamu. Wengine tumeupanda kuwa ua wa shamba. Wengine tunatumia kamba yake kufungia mbuzi. Zao hili liliingia Tanganyika mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo yakaanza mashamba makubwa ya Tanga. Lakini hata sisi wakulima wadogo tunaweza kuulima.

Kupanda

Vichipukizi vinaota juu ya mlingoti wa mkonge. Tunavikuza kwanza kitaluni kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu. Shamba liwe mahali pasipotuama maji. Tupande mistari miwili miwili. Kati ya mstari na mwenzake iwe mita 1. Kati ya mche na mche, sentimita 80. Kisha tuache mita 4 kabla ya mistari miwili mingine. Ekari moja itachukua miche kama 2,000. Katika nafasi hiyo ya mita 4 tupande maharage au kunde, maana mkonge hauleti fedha upesi. Tutangoja kama miaka mitatu ndipo tukate.

Kukata na kusindika

Tukate majani ya chini. Ya juu tuyaache, yasipungue 20, mmea usije ukadhoofika.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Jani likishakatwa lipite mashineni ndani ya siku mbili. Likikauka, utomvu hugandia kwenye singa, nazo hazitakati tena. Mashine hiyo huitwa korona. Inaponda jani na kukwangua nyama yake, zinabaki singa. Singa huoshwa, huanikwa juani, zisinyeshewe. Maji ya kuoshea yasiingie mtoni, huua samaki.

Tena tujue hesabu hii: kilo 100 za majani hutoa singa kilo 4 hivi. Zilizobaki ni maji na makapi. Nani atabeba mzigo huo maili nyingi kwa baiskeli?

Basi, kabla ya kupanda tuulizane. Korona ya karibu iko wapi? Inapokea mkonge wa wakulima wadogo? Gari litatoka wapi? Tukiwa katika ushirika tutakata kwa zamu na kukodi gari pamoja. Anayepanda kwanza na kuuliza baadaye atangoja miaka mitatu, kisha majani yatamnyaukia shambani.