Njia ya Mtoto wa Miaka 12

Katika milima ya Oaxaca, kusini mwa nchi ya Meksiko, kipo kijiji kiitwacho Guelatao, cha watu wa kabila la Wazapoteki. Hapo alizaliwa Benito Juárez mwaka 1806. Wazazi wake walifariki angali mdogo sana, naye akalelewa na jamaa zake, akachunga kondoo. Kijijini hapakuwa na shule. Hata mwaka 1818, alipokuwa na umri wa miaka 12, akashika njia kwa miguu mpaka mjini Oaxaca, mwendo wa kilomita 60 hivi. Akapokewa katika nyumba ambamo dada yake alikuwa mpishi. Akasoma, akawa mwanasheria, na mwaka 1858 akawa Rais wa nchi.

Twamsifu, na ni haki yake. Lakini je, wenziwe waliobaki wakichunga, nani alihesabu akili zao?

Umri huo wa miaka 12 ndio mtoto wa Meksiko amalizapo shule ya msingi. Kwa miaka mingi wana wa vijiji vya wenyeji waliishia hapo, maana shule ya kati ilikuwa mbali, na safari na chakula ni fedha. Basi mwaka 1968 serikali ilianzisha shule za kati ziitwazo telesecundaria. Masomo yaliletwa kwa televisheni, na mwalimu mmoja akaliongoza darasa lake katika masomo yote. Hivyo hata kijiji chenye watoto wachache kiliweza kupata shule.

Tena mwaka 1997 ulianza mpango wa Progresa. Akina mama walipewa fedha, mradi watoto wao wahudhurie shule. Na kwa binti aliye katika shule ya kati walipewa zaidi kidogo kuliko kwa mvulana, kwa kuwa binti ndiye aliyetolewa shuleni upesi. Wataalamu walipopima, waliona wanafunzi wa shule ya kati wameongezeka, hasa wasichana. Mwaka 2019 mpango huo ulikoma, ruzuku nyingine zikashika mahali pake.

Hata hivyo, masomo yale ya televisheni yalikuwa kwa Kihispania, hali nchi ile ina lugha 68 za wenyeji. Mtoto asiyeelewa maneno ya mwalimu, ajapokaa darasani, bado yu mbali na shule.

Basi, enyi wazazi na wazee wa vijiji, msimwambie mtoto tu, "Kaza mwendo kama Juárez." Ifupisheni njia yake.