Kompyuta zilizokataliwa na Windows 11 zapata njia nyingine

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imesitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Hata kompyuta imara ya wahandisi kama HP Z420, ya mwaka 2012, haikubaliwi na Windows 11, inayodai chipu ya TPM 2.0 na prosesa mpya zaidi.

Debian 13, mfumo wa Linux ulio bure na wenye msimbo wazi, haudai hayo. Mtumiaji huuweka kwenye flashi, huwasha mashini kwa flashi hiyo, kisha huchagua Kifaransa na kibodi ya AZERTY. Faili zinakiliwe kwingine kwanza: diski ikifutwa, zimekwenda.

Tatizo ni AutoCAD, isiyo na toleo la Linux. Mchoraji wa ramani za nyumba ataanza upya na FreeCAD. Kompyuta za biti 32, Debian 13 haizitolei tena kisakinishi.