Kabila, Kusini na Gesi ya Songo Songo

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmatumbi wa Kipatimu, babu Mngindo wa Liwale. Mama ni mtu wa Kivinje, na ukimuuliza kabila anakwambia, "Mimi Mswahili," basi, kamaliza. Mtaa wetu hapa kisiwani Songo Songo una Wamakonde waliokuja kupiga dago wakaoa wakabaki, una Wapemba na watu wa Mafia, na siku hizi wapo Wasukuma na Wachaga waliofuata dagaa au kazi za gesi. Mgombea akija kutuomba kura kwa jina la kabila lake, atapata ya mkewe na za shemeji zake.

Hata hivyo, siasa za pwani yetu zina swali jingine, ndugu wa karibu wa ukabila: huyu ni mwenyeji au mtu wa kuja?

Nchi hii ilifanya kazi kubwa kulizima swali la kabila. Kazi yenyewe ilianza kabla ya uhuru, tena ilianzia kwetu. Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, wilaya hii hii ya Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na Wajerumani. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata, lakini maji yake ya dawa yalisambaa hadi kwa Wangindo, Wapogoro na Wangoni, watu wasiokuwa na mtawala mmoja wala lugha moja ya nyumbani. Kipigo kilikuwa kikali, njaa ikafuata. Wazee wetu walibaki na kumbukumbu ya kupigana upande mmoja.

Baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa 1963. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania makabila yao, na tangu hapo hakuna mwanasiasa mwenye takwimu rasmi za kujigamba nazo kwamba sisi ni wengi. Vyama vingi viliporudi 1992, sheria ilikitaka kila chama kipate wanachama katika mikoa isiyopungua kumi, Zanzibar ikiwemo. Ibara ya 20 ya Katiba inakataa chama kinachopigania maslahi ya kabila, ya dini, au ya eneo moja tu la nchi. Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote, walikaa zaidi ya miaka 50 ya uhuru bila mtu wao kuingia Ikulu, na nchi haikuyumba kwa sababu hiyo. Jirani zetu Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, walizika zaidi ya watu 1,100 katika ghasia ambazo wanasiasa walizichochea kwa makabila. Mimi naheshimu sana walichofanya waasisi wetu.

Ila katazo hilo la ukabila limetupa pia njia rahisi ya kuwanyamazisha watu.

Gesi yetu iligunduliwa 1974. Ilianza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 linalopita chini ya bahari kisha nchi kavu, kuwasha mitambo ya umeme Ubungo. Rais wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, mtu wa Kusini kabisa. Mwaka mmoja kabla ya gesi kuanza kwenda Dar lilifunguliwa daraja la Rufiji, na watu wa Kusini tuliokuwa tukikwama kivukoni tulishukuru. Lakini kuwa na "mtu wetu" Ikulu hakukujibu swali la nani anafaidika na gesi. Nalisema hili kwa wanaodhani rais wa kwao atawamalizia shida zao.

Mwaka 2013 swali hilo lililipuka Mtwara. Januari na tena Mei, watu waliingia barabarani kupinga bomba jipya la kupeleka gesi Dar. Nyumba zilichomwa, watu wakafa. Waliokuwa mle ni Wamakonde, Wamakua, Wayao. Hawakuulizana makabila, neno lao lilikuwa Kusini. Serikali ilisema gesi ni ya Watanzania wote, na kisheria ni kweli. Wakubwa wengine wakauita mgogoro huo ukanda, wakadhani wameujibu. Miaka miwili baadaye majimbo yote mawili ya Kilwa yalichukuliwa na CUF, chama ambacho wakati huo ngome yake ilikuwa Pemba: Selemani Bungara Kusini, Vedasto Ngombale Kaskazini. Kabila gani hapo?

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa kijiji ambao mzee mmoja, mvuvi wa pweza, alisimama akasema: "Mwenyekiti, kijana wangu ana cheti cha kidato cha nne. Kazi ya kufyeka majani kwenye uzio wa mitambo ya gesi wamepewa vijana walioshuka juzi na boti. Naomba kujua utaratibu."

Kijana mmoja nyuma akadakia, "Wote Wachaga hao!"

Mzee akageuka. "Sikuuliza kabila, mwanangu. Nimeuliza utaratibu."

Afisa wa mkandarasi akasimama, akasema Tanzania hatuna ukabila, akakaa. Watu wakaguna. Mzee hakujibiwa, na yule kijana akaondoka na jibu lake la Wachaga. Kwa maoni yangu, ukabila huzaliwa hapo hapo: swali halali la mgao linapokosa jibu, mtu mwenye hasira hujitafutia jibu lake, na lililo karibu ni kabila la jirani.

Sheria imezipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Fedha hizo zina hesabu. Kwa hiyo wewe unayekuja kuomba kura Songo Songo, uwe Mmatumbi mwenzetu au Mnyakyusa wa Tukuyu, njoo na hesabu hiyo: kiasi gani kiliingia Kilwa, kiasi gani kilivuka bahari kurudi kisiwani, na vibarua wa mitambo watachaguliwa kwa utaratibu gani. Ibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, halafu tuitishe mkutano.