Nani anamwangalizia kiboko?

Mzee mmoja wa Lipangalala, mvushaji mstaafu wa Mto Kilombero, alitazama kwenye simu yangu video ya Kathleen Noble, mpiga makasia wa kwanza wa Uganda kufika Olimpiki, akishindana Tokyo. Kasi haikumbabaisha. Kilichomshangaza ni kwamba binti yule ameipa mgongo njia anayokwenda. Sasa nani anamwangalizia kiboko?

Swali hilo limeniganda.

Mzee mwenyewe alisimama nyuma ya mtumbwi, uso mbele. Penye maji haba alichoma pondo. Kina kikizidi, alishika kafi na kupiga upande mmoja tu, akilipindua kidogo mwisho wa kila pigo ili mtumbwi usiende kombo. Alinionesha kwa mpini wa jembe, ameketi kwenye kigoda: mikono inashika tu, kazi ni ya kiuno. Macho hayagusi kafi kabisa. Yanatafuta viputo: vikijipanga mstari, kiboko anatembea chini. Magugu yakienda kinyume na mkondo, yanasukumwa na kitu. Masika, mto ukijaa, hakukata moja kwa moja: alipanda kwanza kandokando, kisha akauachia mto wenyewe umshushe hadi gatini. Pantoni ya mto huo ikisimama, wajawazito wa upande wa Ulanga waliokimbizwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko walipita mikononi mwake. Hao, anasema, ndio walimfundisha kupiga kafi bila kuutikisa mtumbwi.

Pantoni ilizama 2016. Daraja la Magufuli juu ya mto huo, mita 384, likafunguliwa 2018. Mzee halilaumu hata kidogo. Mwenye mgonjwa hawezi kulilaumu daraja.

Nilipomweleza kwamba kiti cha Noble kinateleza ili miguu isukume, alitikisa kichwa kukubali. Nguvu itoke chini, ndiyo.

Ila mchezo unaofanana na kazi ya mzee upo. Olimpiki kuna mbio za mitumbwi ambamo mshindani hupiga goti moja, uso mbele, kafi moja, upande mmoja. São Tomé, visiwa vidogo tu, ilimpeleka Buly Triste Rio 2016. Tanzania haijawahi kupeleka mtu, wala kwa kafi wala kwa makasia. Wenye kuchagua wachezaji wamewahi kusimama kwenye ukingo wa Kilombero wakawatazama vijana wa uvuvi wakirudi na kitoga na kambale? Mzee aliniuliza kama umri una kikomo huko. Nikamwambia hapana. Akauliza fomu zinachukuliwa wapi.