Mshiko wa pembe tano mjini Arua

Kanuni za gofu hazina mzaha na mshiko wa fimbo. Chukua fimbo yoyote ya kupigia mbali, ukate mshiko wake kwa msumeno, na mkato utakaouona sharti uwe duara. Nyongeza inayokubalika ni ukingo mwembamba tu, ulioinuka kidogo na kunyooka toka juu hadi chini. Kufinyanga vishimo vya vidole ni marufuku. Fimbo moja imeachiwa uhuru wake, nayo ni pata, ile ya kusukumia mpira shimoni. Pata inaweza kuvaa mshiko bapa, wa mraba au wa pembe tano, mradi pande zake zilingane, usibonyee ndani, usitune wala kuwa na kiuno, na unene wake usipite inchi 1.75, yaani milimita 44 na ushee.

Uhuru huo ndio ulionifikia Arua ndani ya bahasha ngumu, zawadi ya rafiki aliyerudi kutoka Uingereza. Mshiko wenyewe ni mweusi, una pembe tano, ni mwepesi kuliko unavyoonekana, na unene wake haupungui kutoka juu hadi chini. Upande wa mbele ni bapa na mpana, hata vidole gumba viwili hulala pale bila kugombana. Nyumbani waliuliza kama ni wa baiskeli.

Hesabu za gofu zinaeleza kwa nini mtu mzima ajisumbue na kitu kama hiki. Katika uwanja wa mapigo 72, mchezaji hupangiwa misukumo miwili kwa kila shimo. Mashimo ni 18, kwa hiyo misukumo ni 36. Nusu nzima ya mchezo iko mikononi mwa fimbo ambayo haihitaji nguvu, na ndiyo maana ugomvi wa vifaa aghalabu huanzia hapo. Mwaka 1904 Walter Travis, Mmarekani aliyezaliwa Australia, alikwenda Sandwich akawanyang'anya Waingereza ubingwa wao wa ridhaa kwa pata iliyoitwa Schenectady, ambayo ufito wake uliingia katikati ya kichwa badala ya kisiginoni. Miaka sita baadaye wakuu wa kanuni za gofu wa St Andrews wakapiga marufuku pata za aina hiyo, na marufuku ikadumu hadi 1951. Mwaka 2016 ikaja zamu ya wale waliokuwa wakiegemeza pata ndefu kifuani au tumboni, nao wakakatazwa.

Mishiko minene iliponea chupuchupu, pengine kwa sababu mwanzoni ilionekana kichekesho. Mwaka 2007 Mkorea K.J. Choi alishinda AT&T National, mashindano ambayo mwenyeji wake alikuwa Tiger Woods, akitumia mshiko mnene wa kampuni ya SuperStroke. Mwaka 2015 Jordan Spieth akachukua Masters na U.S. Open kwa mshiko wa kampuni hiyohiyo, na waliokuwa wakicheka wakaanza kuulizia bei. Woods mwenyewe kwa miaka mingi ameng'ang'ania mshiko mwembamba wa Ping wa mtindo wa zamani. Wanaouza mishiko minene hawapendi kulitaja hilo.

Nadharia yao ni nyepesi kueleweka. Kitu chembamba hushikwa na vidole, na vidole vikishika, kiwiko cha mkono hulegea na kupepesuka wakati wa kusukuma. Kitu kinene hushikwa na viganja, viwiko vikatulia, mabega ndiyo yakafanya kazi. Mpira hauendi kushoto wala kulia kwa sababu ya wasiwasi wa dakika ya mwisho. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kutetemeka mbele ya shimo, na wachezaji wa umri wangu wengi tunao, hiyo ni ahadi tamu.

Huku West Nile, eneo la Uganda ilipo Arua, gofu ilifika pamoja na boma la wakoloni. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, ambalo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa amelikodi hadi alipofariki mwaka 1909. Likapita mikononi mwa Sudan, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda. Mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, aliweka makao yake Arua, na jina lake lingali katika barabara moja ya mji, Weatherhead Park Lane. Waingereza walikuwa na desturi yao: palipokaa mkuu wa wilaya hapakosi klabu, na klabu haikosi mahali pa kupigia mpira. Arua ilipewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, na West Nile Golf Club bado ipo, ikichezwa na maofisa, wafanyabiashara, wahandisi, na makedi, yaani wabeba fimbo, waliojifunza kwa kutazama.

Tukirudi kwenye zawadi yangu, kuuvisha mshiko ni shughuli ya pekee ukiwa karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Mafundi wa gofu huchana mshiko wa zamani kwa kisu, hubandua tepu iliyobaki, huzungushia ufito tepu mpya ya pande mbili, humimina kimiminika cha kulainisha gundi, kisha husukuma mshiko mpya kwa haraka kabla gundi haijashika. Wasio na kimiminika maalumu hutumia petroli. Na kuhusu petroli, wakazi wa Arua hawahitaji kufundishwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 mji huu ulijulikana kwa Opec Boys, vijana waliovusha mafuta kutoka Kongo na kuyauza kandokando ya barabara kwa jerikani na chupa, hata msomi wa Ubelgiji, Kristof Titeca, akawaandikia utafiti. Lakini petroli hula baadhi ya mipira, na mshiko huu ulikuwa wa aina laini. Sikutaka kuujaribu kwa moto kabla ya kuujaribu kwa mpira.

Njia ya pili ni hewa. Mshiko una tundu dogo kileleni. Ukiingiza pua ya kompresa pale na kuziba vizuri, mshiko hutanuka na kuteleza juu ya ufito bila tone la mafuta. Ukiondoa hewa, hujifunga wenyewe. Kompresa ziko kila kona ya Arua, kwa sababu bodaboda ziko kila kona ya Arua. Fundi pancha niliyemwendea aliugeuza mshiko, akalitazama tundu lake, akanitazama na mimi.

“Mzee, mpini huu ni wa nini?”

“Wa fimbo ya kusukumia mpira.”

“Mpira gani?”

Nilitoa mmoja mfukoni. Aliucheka hadi wenzake wakaja. Kampira kadogo hivi, mpini mkubwa hivi! Hata hivyo kazi aliifanya kwa ustadi kuliko nilivyotarajia, na alikuwa wa kwanza kuona jambo la maana: kwamba kitu chenye pande hakivishwi ovyo. Mshiko wa duara ukikaa mshazari, hakuna atakayejua. Huu wa pembe tano, ubapa wake usipolingana na uso wa pata, kila msukumo utakwenda kombo hata kama mikono haina kosa. Aliulaza ufito juu ya benchi, akafumba jicho moja, akausogeza kwa kidole, akafunga hewa.

Usiku wa kuamkia siku ya kucheza mvua ilinyesha kweli kweli, na asubuhi nyasi za grini, yaani eneo lenye shimo, zilikuwa zimejaa maji. Hapo ndipo nilipopata somo ambalo matangazo hayalisemi. Karibu na shimo, tuseme hatua mbili au tatu, mshiko ulifanya kila kilichoahidiwa. Mikono ilitulia na uso wa pata ulifika kwenye mpira ukiwa umenyooka. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nililiona pana. Nilianza kumsifu Choi kwa sauti.

Mambo yaligeuka kwenye misukumo mirefu. Kutoka ukingo mmoja wa grini hadi mwingine, juu ya nyasi zilizolowa, mpira haukufika. Tena na tena uliishia njiani, safari moja katikati kabisa. Nilipoongeza nguvu kwa mabega ulipita shimo kwa hatua nyingi. Kedi wangu, kijana ambaye husoma grini vizuri kuliko mimi, alinyamaza kwa adabu kwa mashimo kadhaa, kisha akasema: “Mzee, unasukuma mpira, huupigi.”

Alikuwa amegusa penyewe. Mishiko hii ilikuzwa kwenye grini za Marekani zinazokatwa fupi mno na kuteleza. Huko kasi hupimwa kwa kifaa, Stimpmeter, ambacho Edward Stimpson alikibuni baada ya kuona mpira wa Gene Sarazen ukitoka nje ya grini kwenye U.S. Open ya 1935 pale Oakmont. Mpira huachiwa uteremke kwenye mfereji wa alumini, kisha hupimwa umekwenda futi ngapi juu ya nyasi. Penye futi 12 au 13, ukiugusa tu mpira unakwenda, na adui wako ni mkono unaopiga zaidi. Hapo kuuzima mkono ni hekima. Penye nyasi ndefu zilizolowa, mpira unahitaji kugongwa, na kugonga kwa kipimo ni kazi ya kiwiko cha mkono na vidole. Mshiko mnene ulikuwa umeninyang'anya kiungo kinachopima umbali.

Baada ya hapo nilikwenda Koboko, mji wa jirani, lakini si kucheza. Nilikuwa na shughuli yangu huko, na pata ilikuwa imelala kwenye gari. Ni safari fupi siku hizi juu ya lami ya barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Upande wa magharibi ni Kongo, na sokoni unasikia Kikakwa, Kinubi, Kilugbara, Kiswahili na Kilingala kabla hujamaliza kununua nyanya. Nilichokuwa nikikitazama ni mipini ya majembe.

Mpini mzuri wa jembe, wa shoka au wa panga hauwi duara kamili, bali ni bapa kidogo, umbo la yai. Sababu ni kwamba kifaa chenye uso sharti mkono ujue uso huo umeelekea wapi bila jicho kuangalia. Mkulima anayelima tangu alfajiri haangalii jembe lake. Kiganja ndicho kinachomwambia. Pata nayo ni kifaa chenye uso. Nilipompa pata yangu mzee mmoja aliyekuwa akichonga mipini kivulini, hakuucheka ule ubapa kabisa. Aliona ni jambo la kawaida. Kilichomshangaza ni pale nilipomweleza kwamba fimbo nyingine zote zina mishiko ya duara.

“Zitakuzungukia mkononi,” alisema.

Ndivyo, nilimwambia, na kanuni zinataka hivyo. Kuzinyoosha ni juu ya ustadi wako. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za wendawazimu wa mbali. Kisha akaushika tena mshiko, akajaribu kufunga vidole, vikakomea njiani. “Huu ubapa ni sawa,” akasema. “Lakini tazama, mkono wako haufungi. Mkono usiofunga unachoka, na hausikii.”

Huo ndio uamuzi wangu pia, na ningependa watengenezaji waufikirie kabla ya kutuuzia unene na umbo kwa pamoja kama kwamba haviachani. Umbo ni jambo moja na unene ni jingine. Ubapa ulinisaidia kila mahali, kavu na maji, mbali na karibu. Unene ulinisaidia karibu tu. Kuna mishiko bapa iliyo myembamba, na mtu anayechezea nyasi za mvua aanze na hiyo. Jambo la tatu ni jasho. Mshiko laini wa namna hii huteleza kiganja kikilowa, na hata Arua, iliyo juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mchana hutoa jasho la kutosha. Taulo dogo kiunoni halikwepeki.

Yule mzee alijitolea kunichongea mshiko wa mti, bapa na mwembamba. Kanuni haziukatai mti; zinadai ulinganifu, na usiwe na tumbo wala kiuno. Bei hatujakubaliana.

Wakati huohuo nimepata njia ya halali ya kuwa na vyote viwili. Kubadilisha mshiko katikati ya raundi ni kosa, maana ni kuibadili fimbo tabia. Lakini hakuna kanuni inayokuzuia kubeba pata mbili, mradi fimbo zote zisizidi 14. Nimeitoa chuma namba tatu, ambayo kwa kweli haijawahi kunitendea wema, nikaingiza pata yangu ya zamani yenye mshiko mwembamba. Mbali natumia nyembamba, karibu natumia ya pembe tano. Mpinzani wangu wa Jumamosi anasema huo ni ujanja wa wakili, na amekwenda kutafuta kitabu cha kanuni ili anishtaki kwa nahodha. Kedi yeye hana neno na sheria. Analalamika kwamba kwenye kila grini inabidi abebe fimbo mbili na kushika bendera, na ameshaniarifu kuwa malipo yake yatapanda.