Kutoka Utabiri hadi Tahadhari: Nafasi ya Lugha katika Usalama wa Wavuvi wa Majanji

1.0 Utangulizi

Majanji ni mwalo wa wavuvi katika Wilaya ya Busia, Uganda, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, si mbali na mdomo wa Mto Sio ambao sehemu yake ya chini ni mpaka wa Uganda na Kenya. Ng'ambo ya mpaka huo iko Sio Port, katika Kaunti ya Busia. Kisamia huzungumzwa pande zote mbili. Makala hii inajadili pengo lililopo baina ya modeli inayotabiri dhoruba na sentensi inayomfikia mvuvi. Hoja yake kuu ni kwamba usahihi wa utabiri hupoteza thamani iwapo maana yake itapotoka katika hatua ya mwisho, yaani tafsiri. Suala hili linahusu uhai wa watu: makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima, ingawa makadirio hayo hutegemea hesabu zisizokamilika.

2.0 Dhoruba na Utabiri Wake

Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani na dhoruba hujengeka juu ya nchi kavu. Usiku hali hugeuka. Upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, na hewa inayopanda huzaa dhoruba za radi. Mwaka 2016, Wim Thiery na wenzake walionyesha kwa data za setilaiti kwamba dhoruba kali za mchana juu ya nchi kavu ni dalili ya dhoruba kali za usiku ziwani. Uhusiano huo ndio unaowezesha modeli kutoa onyo saa kadhaa mapema. Aidha, mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya uratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliziunganisha Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda katika kuboresha utabiri wa ziwa hili.

Ni muhimu kukumbuka kuwa dagaa, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi usipoonekana. Kwa hiyo, saa za kazi ya mvuvi ndizo saa za hatari.

3.0 Pale Tafsiri Inapopotosha

Tuchukue taarifa ya Kiingereza isemayo kuwa dhoruba inatarajiwa saa 20:00, muda ambao kwa Kiingereza hutajwa kuwa ni wa nane jioni. Kwa Kiswahili, hiyo ni saa mbili usiku. Mashine inayofasiri tarakimu bila kuzingatia mfumo wetu wa saa inaweza kuandika "saa nane usiku", na hivyo kulisogeza onyo mbele kwa saa sita. Mvuvi atakayeliamini atakuwa katikati ya maji dhoruba ikifika. Vivyo hivyo, tofauti kati ya "mwingie ziwani" na "msiingie ziwani" imebebwa na kiambishi cha ukanushi -si-. Vipimo vya kawaida vya tafsiri ya mashine, kama vile BLEU, hulinganisha mfuatano wa maneno. Kosa la neno moja katika taarifa ndefu hupunguza alama kidogo tu, hata kama neno hilo ndilo lililobeba onyo lote.

4.0 Data za Lugha Mpakani

Lugha za Kibantu huambatisha viambishi vingi katika neno moja, hivyo modeli huhitaji data nyingi ili kukutana na maumbo ya kutosha. Nchini Kenya, korpasi ya Kencorpus, iliyotolewa 2022, ina matini za maneno milioni 5.6 na sauti za saa 177 katika Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Kiluhya kinawakilishwa na Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Kimarachi ni jirani wa Kisamia, lakini ujirani si usawa. Nchini Uganda, seti ya awali ya SALT iliweka sentensi 25,000 katika Kiacholi, Kiateso, Kiganda, Kilugbara na Kinyankole. Kisamia hakimo katika orodha hizo mbili. Kila mradi ulifanya kazi ya thamani ndani ya nchi yake. Lugha iliyogawanywa na mpaka ndiyo iliyobaki nje.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, tahadhari za ziwa zisitungwe upya na mashine kila siku. Iandaliwe hazina ndogo ya sentensi zilizokubaliwa na wavuvi wa Majanji na Sio Port, kwa Kiswahili na Kisamia, na kazi ya mashine iwe kuchagua sentensi na kujaza saa na mahali. Pili, vyuo vikuu vya pande zote mbili vijenge korpasi moja ya Kisamia, na tofauti za matamshi na tahajia ziwekewe alama badala ya kufutwa. Tatu, tafsiri za tahadhari zipimwe kwa uelewa: msikilizaji aulizwe ni lini, ni wapi, na je, aende au asiende. Iwapo majibu yake hayalingani na utabiri, tahadhari hiyo haijatolewa.