Harusi ya HD kwenye TV ya Bibi: Namna ya Kuipunguza Video Bila Kuiharibu

Siku ya tatu baada ya kumpelekea Bibi DVD ya harusi ya mdogo wangu, simu yake ikalia kutoka Lamu. Hakuanza na shukrani.

"Mwanangu, mbona mjukuu wangu mumemkondesha hivi? Uso umekuwa mrefu kama mwiko. Huko Mombasa hamumpi chakula?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Video ile niliipiga mimi mwenyewe, na kupiga video za kupamba ndiyo kazi inayonilisha. Bi harusi hakukonda. Nilimkondesha mimi nilipoitoa picha kwenye HD na kuitia kwenye DVD.

Huenda msomaji akauliza: siku hizi nani bado anatumia DVD? Jibu wanalijua kina mama wa Pwani. Kupamba ni usiku wa wanawake. Nywele ziko wazi, nguo ni za ndani kwa ndani, na simu huachwa mlangoni. Video ya usiku huo haipandishwi mtandaoni wala haitumwi kwenye kikundi cha WhatsApp. Huwekwa kwenye diski, ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa nyanya na shangazi ambao hawakuweza kusafiri. Bibi yangu miguu haimruhusu tena kupanda basi. TV yake ni ile ya zamani yenye mgongo, ambayo tangu tuhame analojia mwaka 2015 inategemea king'amuzi. Alichokuwa nacho cha harusi ile ni diski hiyo tu.

Tuanze na ukweli. Anayekwambia atageuza HD kuwa SD bila kupoteza chochote anakudanganya. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni mbili. DVD ya mfumo wa PAL, ambao ndio wetu Kenya, ina 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. Hiyo ni sehemu moja kati ya tano. Nne zimekwenda na hazirudi. Kazi yetu ni kuhakikisha ile moja iliyobaki inafika salama, kwa sababu hasara kubwa tunayoiona kwenye diski nyingi haitokani na kupungua kwa nukta. Inatokana na makosa yetu.

Kosa la kwanza ndilo lililonipata mimi, nalo ni la umbo. Video ya HD ina uwiano wa 16 kwa 9, TV ya zamani ina 4 kwa 3. DVD hubeba picha pana kwa kuibana kwenye nukta 720, kisha alama ndani ya diski humwambia mchezaji aitanue tena. Mimi niliweka alama ya 4:3 kwenye picha iliyobanwa, basi ikabaki imebanwa. Ukitengeneza diski, chagua 16:9. Halafu nyumbani kwa mwenye TV ya zamani, ingia kwenye mipangilio ya mashine ya DVD uiambie kuwa TV ni ya 4:3. Patakuwa na mistari myeusi juu na chini, lakini watu watakuwa na sura zao.

La pili ni kubana mara nyingi. Kila video inapohifadhiwa upya hubanwa, na kila ikibanwa huacha kitu nyuma. Hariri ukitumia faili asili zilizotoka kwenye kamera, kisha igeuze mara moja tu mwishoni. Usichukue nakala iliyopita WhatsApp ukaifanya chanzo, maana hiyo imeshakamuliwa.

La tatu ni kujaza diski kupita kiasi. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Ukiweka saa moja, unaweza kuipa picha megabiti 8 kwa sekunde, na itapendeza. Saa mbili, unabaki na kama 5 pamoja na sauti. Ukilazimisha saa tatu unashuka hadi karibu 3.5, na hapo ndipo vimeta vya nguo na wachezaji wa chakacha hugeuka vibokisi vibokisi. Harusi ndefu igawe kwenye diski mbili. Diski ya pili ni bei ndogo kuliko lawama.

La nne ni mwendo. PAL ni fremu 25 kwa sekunde, lakini simu nyingi hupiga 30. Kompyuta ikitupa fremu moja katika kila sita, kamera ikigeuka taratibu utaona picha inashtuka shtuka. Dawa yake iko kabla ya harusi: weka kamera kwenye 25 au 50. Na kama kamera yako hurekodi kwa mistari ya kupokezana, yaani ile inayoandikwa 1080i, iambie programu itenganishe mistari hiyo kwanza ndipo ipunguze ukubwa. Ukipunguza kabla, kingo za mikono zitaota meno kama kitana.

La tano ni rangi. HD na SD hazitumii hesabu moja ya rangi: HD hufuata kanuni iitwayo BT.709 na SD hufuata BT.601. Programu isipobadilisha, nyekundu na kijani huhama kidogo. Kwa bi harusi aliyepakwa hina mpaka viwikoni, kidogo hicho kinaonekana.

Kwa programu, FFmpeg ni ya bure na ina mpangilio ulio tayari wa DVD ya PAL. DVDStyler, nayo bure, itakutengenezea menyu na diski. Ukiulizwa njia ya kupunguza picha, chagua Lanczos au bicubic. Majina na maandishi yasikae ukingoni, kwani TV za zamani hukata pembeni.

Lipo pia la mpigaji mwenyewe. Uso uliochukua nukta 100 kwenda chini kwenye HD utabaki na 53 kwenye DVD, na kwenye TV ya Bibi yenye mistari myeusi utabaki na kama 40. Ukijua kuna mzee atakayetazama kwa SD, sogea karibu. Ukumbi mzima kwa picha moja utampendeza mwenye ukumbi, lakini Bibi anatafuta nyuso.

Niliitengeneza upya diski ile, nikaipeleka mwenyewe. Bibi aliketi mkekani, akawa anawataja mmoja mmoja: huyu mtoto wa fulani, yule kafanana na marehemu mamake. Hakuuliza habari ya nukta.

Zile faili za HD sikuzifuta. Ziko kwenye diski kuu mbili, nyumba mbili tofauti, na mwenye harusi anazo zake. Kutoka HD kwenda SD njia ipo. Kurudi hakuna.